Mzee Nashoni Waitara na Mnada wa Mugumu

Ndugu waombolezaji, wazee wetu shikamooni, na ninyi mliosimama juani sogeeni kivulini mkae, familia inaomba utulivu ili isome maisha ya baba yetu, Mzee Nashoni Waitara, tuliyoyaandika bila kuyapamba, kwa kuwa mama yetu, Veronika Bhoke, amekataa yapambwe.

Marehemu alizaliwa hapa Nyamwaga mwaka 1921, wakati wa palizi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Waitara, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne mwaka 1936, masomo yakakatizwa na ng'ombe wa baba yake waliokosa mchungaji, na huko malishoni akajifunza kumjua ng'ombe kwa meno, kwa mwendo na kwa ngozi, elimu iliyomlisha hadi uzeeni.

Mwaka 1948 alianza kazi mnadani Tarime kama mfungua zizi, na kufikia 1953 alikuwa dalali, tena dalali hasa, aliyeweza kumsifia fahali aliyekonda mpaka mwenye fahali akatamani kumnunua upya. Tarehe 12 Februari 1955 alifunga ndoa kanisani Tarime na Veronika Bhoke, wakajaliwa watoto watano, wa kwanza akiwa binti, Robi, aliyezaliwa mwaka 1957. Mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, familia ilipangiwa Mbalibali, na marehemu akahamishia kazi yake Mugumu.

Hapa baadhi ya ndugu walitaka turuke, twende moja kwa moja kwenye ugonjwa, lakini mama alisema lililotendwa mbele ya watu lisomwe mbele ya watu, nasi tunalisoma macho yakiwa chini.

Mwaka 1976 wazee wawili walimtaka Robi kwa ajili ya vijana wao, mmoja Mzee Wangwe wa Kewanja, mwingine wa hapahapa Nyamwaga, ambaye yupo nasi leo na tunamsitiri, na marehemu, badala ya kukubaliana na mmoja kama desturi inavyotaka, alikuwa akimpelekea huyu habari za ng'ombe wa mahari walioahidiwa na yule, thelathini wakawa thelathini na tano, wakapanda mpaka arobaini, watu wakaanza kusema pembeni, naye akajifanya hasikii.

Jumamosi tarehe 17 Julai mwaka huo, huko Mugumu, marehemu alipiga mnada mali ya mgeni mmoja aliyekuwa na kambi ya watalii upande wa Ikoma, akaondoka nchini bila kulipa kodi, na ndani ya masanduku yake zilikutwa sarafu tatu za dhahabu za kumbukumbu kutoka Uajemi, zenye sura ya mfalme wa huko, pamoja na picha kubwa za rangi, ambazo Wazungu wa zamani walizichora wakiwaza nchi za Waarabu. Watu wa Kewanja, waliozoea dhahabu ya vumbi, waliziuma zile sarafu wakatikisa vichwa, mbili zikachukuliwa na Swaleh, sonara wa Mugumu, ya tatu marehemu akaichukua kuwa ujira wake, na umati ukamshangilia, kichwa kikamvimba.

Picha ya mwisho ilionyesha soko la watumwa, wanaume wa vilemba wamemzunguka msichana aliyevuliwa nguo, mmoja amemtia vidole mdomoni akimkagua meno, na marehemu, ambaye ulimi wake haukujua kuuza kitu kingine isipokuwa ng'ombe, aliinyanyua akatangaza kwamba mtamba huyu hajazaa, meno yake yote yamo, nani anaongeza. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba huyo ni Robi, Wangwe aongeze ng'ombe, mnada mzima ukaangua kicheko, na marehemu, badala ya kunyamaza, akajibu kwamba Robi amefika arobaini na nyundo bado haijagonga. Robi alikuwa palepale, amekuja na mama yake kuuza ulezi, na mama anasema binti hakulia, alimtazama baba yake, akatazama ile picha, akaweka debe chini akaondoka, na wiki ile ile akavuka Sirari kwenda Kenya.

Marehemu aliacha udalali siku hiyo, akawarudishia wazee wale wawili ng'ombe wote wa awali aliokuwa amewapokea, na Desemba alimfuata Robi hadi Migori, akamkuta akishona nguo barazani, akampa ile sarafu kwa mikono miwili, naye Robi aliigeuza mara moja, akamuuliza baba yake, "Tata, na hii ilifika ngapi?" kisha akamrudishia. Njiani kurudi, marehemu akaitoa sadaka kanisani, akaomba jina lake lisitajwe, na miezi michache baadaye mpaka wa Kenya ukafungwa, ukakaa umefungwa hadi mwishoni mwa mwaka 1983, wakati yeye tayari kifua kilikuwa kimemlaza. Miaka yote hiyo alilima shamba la kijiji, na kwenye mikutano alikaa nyuma, hakuinua sauti tena.

Alifariki Jumanne, tarehe 13 Machi 1984, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, akiacha mjane, watoto watano na wajukuu wanane tunaowafahamu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Mbalibali waliombeba kwa machela hadi barabarani, madalali wenzake waliosimamisha mnada kuja kumzika, na Tomaso, mfanyabiashara wa Sirari, aliyepeleka habari za msiba Migori kwa miguu yake mwenyewe.

Mwisho ni tangazo, mazishi hayatakuwa saa nane kama mlivyoambiwa asubuhi, yatakuwa saa kumi, kwa sababu gari la kutoka Sirari hufika hapa saa tisa na nusu, na mama amesema kaburi lisifukiwe kabla gari hilo halijafika.

Baba Robi, pumzika kwa amani.