Betri ya Mama Shamroz

Kijiwe chetu kiko nje ya mgahawa wa Haji Taimur, karibu na soko la ndege hapa Peshawar. Msimu wa baridi tunaota jua hapo, tunakunywa chai ya kijani yenye iliki na kubishana mpaka makoo yakauke. Asubuhi hiyo Shamroz alikuja na betri mbili kwenye mkokoteni. Mama yake hapumui vizuri bila mashine ya oksijeni, na betri iliyokuwa ikiiendesha wakati wa mgao wa umeme imekufa. Muuzaji kampa hizi mbili achague moja. Mgao huanza saa sita mchana, umeme alikuwa ameuacha upo, kwa hiyo kamwacha mama peke yake, eti mara moja tu. Badala ya kumfukuza arudi nyumbani, tukamsogezea kikombe. Watu wa kijiweni ndivyo tulivyo.

Tani, hamali mstaafu, akaziinua moja moja, maana huku hakuna anayenunua betri bila kuipima kwa mkono.

— Hii ya risasi ndiyo betri, imenivunja kiuno. Hiyo ya lithiamu nyepesi kama mkate. Debe tupu haliachi kuvuma.

— Mbona haivumi, mzee Tani? Shamroz akauliza.

— Ngoja, itavuma.

Wakili akacheka. Tunamwita Wakili ingawa mahakamani kaingia mara moja tu, kwa kesi ya mbuzi wake.

— Uzito ndio wizi wenyewe, mdogo wangu. Wanajaza mchanga. Binamu yangu alipasua moja akakuta konokono.

— Mzima?

— Kafa. Ataishije kwenye tindikali? Chukua lithiamu.

— Lithiamu wanaitoa kwenye simu za marehemu, Tani akasema. Ndiyo maana usiku inapata joto. Inakumbuka maongezi.

— Jamani, mgao huchukua saa nne mfululizo, Shamroz akasema. Mimi nataka kujua ipi itafika. Juzi midomo ya mama iligeuka bluu.

Nami, nisiyejua betri wala baba yake betri, nikatia langu:

— Funga zote mbili. Umoja ni nguvu.

— Wake wenza kwenye waya mmoja? Wakili akasema. Zitachomana.

Shamroz akainuka.

— Acheni niende, mama yuko peke yake.

Tani akamvuta shati.

— Haraka haraka haina baraka. Malizia chai kwanza.

Akakaa. Mzee akikushika shati huku, unakaa.

Ndipo akatoka ndani mgeni mmoja wa mji wa Mardan aliyekuja kununua kware. Alikuwa ameingia kuchaji simu, na waya bado anao mkononi.

— Samahani, wazee. Umeme umekatika saa ngapi?

Tuko juani, nani aangalie taa? Shamroz akamwita Haji, na Haji akajibu kutoka jikoni kwamba yeye anapikia kuni, hajui. Saa sita ilikuwa bado mbali.

Shamroz akatimua mbio mikono mitupu. Nikampigia kelele arudi achukue betri.

— Ipi? akauliza Wakili.