Sekunde Mbili za Anastasia

Nilipopanda bajaji ya Maisaka pale sokoni, Vitus na Anastasia walikuwa wameshaanza kubishana, kila mmoja ameshika upande wake, nami nikakaa katikati kama ukuta. Nilielewa upesi kwamba wanatunza kanzidata ya mifugo, inayounganisha kila ng'ombe na wazazi wake na makundi aliyochanganyika nayo, na kwamba kila Ijumaa wanaiuliza swali lile lile ili kupima kasi yake.

“Miezi yote ilijibu kwa sekunde tisa,” alisema Vitus. “Leo umegusa kidogo tu, zimekuwa mbili, na bosi anakupigia makofi. Labda kompyuta haikuwa na kazi nyingine.”

“Kompyuta ni ile ile, swali lile lile, saa nne ile ile. Utaratibu huo uliuweka wewe, kaka Vitus.”

“Nimeijenga miaka miwili. Nani alinipigia makofi?”

Aliniangalia mimi, ambaye miaka hiyo sikuwepo.

Anastasia alishusha sauti. “Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia Sigino, mfugaji atataka kujua ng'ombe wake walichanganyika na wa nani. Hataulizia makofi.”

Vitus alimgeukia. “Mlipokwenda kula, nilirudia kipimo mara kumi na moja.”

“Kwa nini?”

“Nilitaka zirudi tisa.”

“Zikarudi?”

Bajaji ilisimama Maisaka. Vitus alishuka kwanza, akampokea Anastasia mkoba wa kompyuta, wakasimama kando ya barabara, Vitus akimwonyesha vidole viwili.