Wasifu wa Chapuchapu, Mkalimani wa Viziwi

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani, ndugu na marafiki. Familia imempa mjomba wa marehemu kazi ya kusoma wasifu huu, si kwa sababu anajua kusoma kuliko wengine, bali kwa sababu inasemekana ana macho makavu. Mjomba amekubali. Anaomba tu asikatizwe, maana akisimama hajui kama ataweza kuendelea.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Septemba 1998, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya mji huu, akiwa binti, mtoto wa pili kati ya watatu. Mkunga alikuwa bado anavaa glavu. Bibi yake mzaa mama, aliyekuwa amekaa na beseni mapajani, alisema mtoto huyu atakuwa mtu wa chapuchapu, na jina likamganda. Cheti cha kuzaliwa kina jina jingine, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyelitumia isipokuwa benki.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 2005 hadi 2011, na sekondari kuanzia 2012 hadi 2015. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Alikuwa wa kwanza kumaliza mtihani na wa kwanza kuukabidhi bila kuupitia, jambo lililomkera sana baba yake, ambaye ni mtu wa kupitia kila kitu mara mbili. Wanaomfahamu Mzee Katibu wanajua kwamba hata bomba la maji haliachi kabla hajatazama mara mbili kama limefungwa vizuri. Mungu ana utani wake, akampa huyo baba mtoto wa namna hii.

Mwaka 2010, katika mashindano ya mbio shuleni, alianguka. Madaktari walieleza kwamba homa aliyougua utotoni ilikuwa imeharibu valvu moja ya moyo. Alikatazwa kukimbia. Alitii, akaanza kutembea haraka kiasi kwamba waliotembea naye ndio waliokimbia.

Baada ya sekondari alisomea ufamasia ngazi ya cheti, akahitimu Novemba 2018. Mwezi uliofuata aliajiriwa katika duka la dawa linalotazamana na stendi. Mwenye duka, ambaye yupo nasi hapa, amesema hajawahi kuwa na muuzaji aliyewashauri wateja wengi hivyo wakanywe maji wakalale, na wakarudi tena kununua kwake. Kazi hiyo aliifanya asubuhi hadi mchana. Mchana ukigeuka alivua koti jeupe, akavaa fulana ya timu ya uinjilisti ya kanisa letu, ambako alijiandikisha kujitolea mapema mwaka 2019. Baba yake ndiye aliyemsainia fomu. Kwa mujibu wa mama yake, siku hiyo Mzee Katibu alipiga mluzi nyumba nzima.

Timu ilikuwa na spika mbili kubwa, kinanda, jenereta na mwinjilisti mwenye mapafu ya kutosha. Agosti mwaka huo iliweka mkutano wa wiki nzima kwenye uwanja mdogo nyuma ya soko, mbele ya karakana ya viatu na ushonaji. Mafundi wa karakana hiyo walikaa barazani kila alasiri, kazi mikononi, wakiwatazama wahubiri. Hawakupiga kelele, hawakuondoka, hawakununua hata karanga katikati ya mahubiri. Mwinjilisti alitoa taarifa kanisani kwamba tangu aanze utumishi hajakutana na watu watulivu kama wale, na kanisa likashangilia.

Siku ya mwisho Chapuchapu alipita barazani kugawa vipeperushi. Alimsalimia fundi viatu mkubwa mara mbili, hakuitikiwa. Fundi aligusa sikio lake, akatikisa kichwa, akachukua chaki na kuandika juu ya soli: "Jenereta yenu inatikisa meza yangu. Mnaondoka lini?" Mafundi wote wa pale walikuwa viziwi. Timu ilikuwa imewahubiria wiki nzima kwa spika mbili, na aliyefikiwa na ujumbe ni meza.

Wenzake walicheka, wakafunga vyombo, wakahamia mtaa mwingine. Yeye alirudi kesho yake peke yake, akaomba kiti. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, naye aliinama hasa, maana kigoda cha mwanafunzi wa fundi viatu hakizidi kimo cha kisigino. Alishika viatu vya watu, akapaka gundi, akajifunza lugha ya alama neno kwa neno, huku mafundi wakimcheka. Mara ya kwanza alipojaribu kuwasimulia habari ya Yesu kuwalisha makutano, alisema kwa mikono kwamba Yesu aliwanyoa. Fundi alimwambia hadithi hiyo ni nzuri zaidi kuliko ile ya kwenye kitabu. Walimpa jina lao: vidole viwili vikisukuma miwani puani. Leo kaburini, mkiona watu wanafanya hivyo, wanamwita.

Tangu mwaka 2021 mafundi hao walianza kuja kanisani kila Jumapili. Walikaa benchi la mbele, na Chapuchapu alisimama pembeni ya mimbari akiyageuza mahubiri kuwa mikono. Mchungaji wetu anahubiri kwa kasi, lakini kwa mara ya kwanza maishani alikutana na mtu aliyemaliza kabla yake.

Mwaka 2022 fundi viatu aliomba ubatizo. Hapo ndipo mambo yalipokwama.

Utaratibu wa kanisa hili, kama wote tunavyojua, unamtaka anayebatizwa asimame mbele ya washarika na kuyajibu maswali ya imani kwa sauti yake mwenyewe. Mzee Katibu, baba wa marehemu, alisimama kwenye kikao akasema kwamba fundi akijibu kwa mikono, sauti itakayosikika itakuwa ya mkalimani, na kanisa litakuwa limembatiza mkalimani mara ya pili. Hakusema kwa chuki. Baadhi ya wazee waliona ana hoja, wengine waliona bora wasiingilie kati ya baba na bintiye, na jambo likaahirishwa. Likaahirishwa na mwaka uliofuata, na ule mwingine. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na nyumba ile ilikuwa na matumbo mawili yanayouma mezani kila jioni. Binti alifanya mazoezi ya mahubiri ya Jumapili hapo hapo mezani, akiyasema kwa sauti, mikono ikipita juu ya sahani. Baba alikula akitazama ukutani.

Hawakugombana kwa sauti. Familia inakumbuka mara moja tu, wakati wa chakula, binti alipoweka kijiko chini.

"Baba, yule ameshaamini. Anayengojwa sasa ni nani?"

"Kanisa lina utaratibu, mwanangu. Hata wewe ulijibu kwa sauti."

"Nilijibu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nilikuwa nawaza keki. Yeye anajua anachosema."

Mzee Katibu alimaliza chakula chake, akaenda kufunga mlango mara mbili. Mama yake anasema yeye aliwaombea wote wawili, na kwamba Mungu alikuwa anapokea maombi mawili yanayopingana kutoka nyumba moja, bila kuhesabu la kwake.

Kuhusu ndoa, marehemu hakuolewa. Mwaka 2023 kijana mmoja wa kwaya, mwenye nia njema na suti nzuri, alileta barua ya posa. Chapuchapu alimwomba kwanza ajifunze lugha ya alama, kwa sababu marafiki zake wengi hawangeweza kuongea naye vinginevyo. Kijana alijifunza "asante" na "nina njaa," akaona zinamtosha. Waliachana kwa heshima, na ameleta shada la maua leo. Familia inamshukuru.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2025 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kumpungukia. Aliendelea kutafsiri akiwa amekaa kwenye kiti kirefu walichomtengenezea mafundi wa karakana. Mei alilazwa, na tarehe 27 mwezi huo alifanyiwa upasuaji wa valvu. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Mapafu ndiyo yaliyokataa. Aliwekewa mpira wa kupumulia kooni, akawa anaelewa kila kitu lakini hana sauti.

Chumba cha wagonjwa mahututi kina ukuta wa kioo. Jamaa waliruhusiwa kuingia wawili wawili kwa muda mfupi, na sisi wengine tulipanga foleni kwenye korido tukiwa na maneno yetu tumboni. Mafundi wa karakana hawakupanga foleni. Walisimama nje ya kioo wakaongea naye watakavyo, naye akawajibu kutoka kitandani. Walimpa habari za soko, walimsimulia nani kakosea saizi ya soli, wakamchekesha mpaka mashine ikalia na nesi akaja kuwafukuza. Mjomba wake, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya pili ya barabara, hakuweza kumwambia hata pole mpaka zamu yake ifike. Siku hizo aliwaonea wivu viziwi.

Tarehe 3 Juni mchungaji alikuja kumwombea. Ndani walikuwa yeye na Mzee Katibu, na mjomba alikuwa ameshikilia mlango. Kama ilivyo desturi kwa mgonjwa, mchungaji alimuuliza kama bado anaishikilia imani aliyobatiziwa. Chapuchapu alitoa mikono chini ya shuka, akajibu. Jibu lilikuwa refu. Mchungaji alitazama ile mikono, kisha akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kumsaidia.

Mzee Katibu akasema, taratibu, bila kuondoa macho kwa binti yake: "Anasema anaamini. Anasema haogopi sana, anaogopa kidogo. Anasema anaomba nesi amnyooshee shuka mgongoni, limejikunja tangu asubuhi."

Mchungaji akamuuliza amejulia wapi.

"Nimekula naye meza moja miaka yote hii," Mzee Katibu alisema. "Ukuta nilioutazama una kioo cha kabati."

Alilinyoosha shuka mwenyewe. Aliposema tena, sauti yake haikuwa ile ya kwenye vikao.

"Mchungaji, huyu amekiri au hajakiri?"

"Amekiri, mzee."

"Basi na yule amekiri. Miaka mitatu sasa. Mimi ndiye niliyekuwa sisikii."

Jumapili ya tarehe 8 Juni fundi viatu alibatizwa mbele ya kanisa zima, akajibu maswali yote kwa mikono yake. Mdogo wa marehemu, aliyejifunza lugha ya alama kwa dada yake, alitafsiri. Ibada ilipokwisha, fundi hakungoja picha. Alikwenda hospitali na nguo zilizolowa, akasimama nje ya kioo, akamwambia. Nesi aliyekuwa zamu anasema binti alinyanyua mikono yote miwili na kuitikisa hewani, ambavyo ndivyo viziwi wanavyopiga makofi, na kwamba nje, nyuma ya fundi, alikuwepo mzee mmoja aliyekuwa akifanya vivyo hivyo.

Aliaga dunia Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, akiwa na miaka ishirini na sita, wazazi wake wote wawili wakiwa kando yake. Ilisemekana mjomba ana macho makavu. Samahani, ndugu zangu. Tunaendelea.

Marehemu ameacha baba, mama, kaka yake na wifi yake, na mdogo wake wa kike, ndiye huyu anayetafsiri hapa mbele tangu nilipoanza, na ambaye tungempa kiti kama angekubali kukaa. Ameacha bibi yake aliyempa jina, shangazi, mama wadogo, na mjomba. Ameacha wenzake wa duka la dawa na wa timu ya uinjilisti. Ameacha pia mafundi wa karakana, ambao kwa uamuzi wa baba yake wamekaa leo upande wa wafiwa, na watatupa udongo pamoja na ndugu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, kanisa, na kila aliyefika.

Binti yetu amepumzika. Bwana ampokee na amtunze hadi tutakapoonana.

Kinachofuata kwenye ratiba ni sala ya mwisho, itakayoongozwa na baba wa marehemu. Tangu Ijumaa amekuwa akienda karakana kila asubuhi kufundishwa na fundi viatu namna ya kuisema, na ataisema kwa mikono. Hapatakuwa na wa kuitafsiri kwa sauti. Mzee ameomba iwe hivyo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tusimame, na katika sala hii tafadhali tusifumbe macho.