Jua Hili Lisiwadanganye

Sogeeni karibu, wanangu, mkae hapa kitandani, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na hili ninalotaka kuwaambia sitaki mmoja wenu aje aseme hakulisikia. Kifungua mimba wangu, acha hiyo cherehani. Mwenye kochi lake atasubiri. Na wewe, binti yangu, futa machozi kwanza, utalia ukishanisikiliza.

Redio imesema mvua kubwa inatarajiwa kule milimani, na watu wa bondeni tuhame kabla giza halijaingia. Nimemsikia mtangazaji, na ninyi nimewasikia mkibishana sebuleni kana kwamba nimeshakufa. Kaka mtu anasema, "Hao wametudanganya mara ngapi? Tazama jua lilivyo." Dada mtu anasema twende. Halafu wote wawili mkashusha sauti ghafla, nikajua mnatazama mlango wangu, kwa sababu daktari alisema nikitikiswa sana moyo huu hautavumilia. Basi leo nagawa nilicho nacho, na cha kwanza ninachowaachia ni ruhusa ya kuniacha.

Najua mnachokumbuka. Mwaka jana walitangaza hivi hivi, tukapandisha mbao na sponji zote za karakana yetu ya makochi hadi shuleni kule juu, tukalala darasani kama mizigo, na halikudondoka hata tone moja. Tuliporudi, wezi walikuwa wamekomba vitambaa vyote vya makochi. Muuza mkaa akatuita wakimbizi wa jua, mtaa mzima ukacheka, na mimi nikacheka nao huku moyo unaniungua. Lakini mwanangu, yule wa redio hakusema lazima, alisema huenda. Wewe ulisikia lazima, ndiyo maana mvua isiponyesha ukamwita mwongo. Mimi hiyo huenda naijua. Ndiyo iliyomchukua baba yenu.

Na hili nalo nalisema leo, kwa kuwa mmekua nalo kama jipu. Mnaamini baba yenu mdogo alikimbia akamwacha kaka yake majini, na mkikutana naye sokoni mnageuza shingo. Siku ile jua lilikuwa kali kama la leo. Alikuja mbio, anahema, akasema kule juu mto umeshabomoa daraja, tokeni. Baba yenu akasimama hapo uani, akainua uso, akamwambia, "Mdogo wangu, mvua yenyewe iko wapi? Nionyeshe wingu." Na kweli wingu halikuwepo. Mvua ilinyesha mbali, sisi tukaletewa maji tu. Baba mdogo akawabeba ninyi wawili, mmoja begani, mmoja kifuani, mimi nikamfuata hadi juu, kisha akashuka tena kumfuata kaka yake. Akamkuta anapandisha makochi ya wateja juu ya meza. Akamshika mkono, wakavutana, huyu anasema twende, yule anasema bado moja, mpaka maji yakafika na ukuta wa nyuma ukawaangukia. Vile vidole vyake visivyokunjuka, ambavyo mnavifanyia mzaha, vilivunjika pale, vimemshikilia baba yenu. Niliwaambia mkiwa wadogo, mkadhani namtetea shemeji yangu. Sasa nafa, nimtetee ili nipate nini?

Kwa hiyo nendeni kwake kilimani. Hajawahi kuwafungia mlango.

Karakana ni yenu wote wawili, asiuze mmoja bila mwenzake kukubali. Cherehani kubwa ni ya binti yangu, maana ndiye anayeisikia ikianza kukwama kabla haijakwama. Nyundo na mkasi wa baba yenu ni vya kaka mtu. Ila leo msibebe hata kimoja. Maji yakivitaka, yavichukue.

Unasema nini? Nyanyua sauti. Eti mbingu nyeupe? Sikuulizi habari za mbingu! Nakusihi, mwanangu, ningekupigia magoti kama yangekunjika, chukua wanao utoke. Kesho isiponyesha, rudini mnicheke. Wakitangaza tena, tokeni tena, mchekwe tena, mpaka mzeeke mkiwa mnachekwa. Hicho ndicho ninachowatakia, uzee wa kuchekwa.

Mbona unavua viatu? Shuka yangu unaifungaje hivyo? Hapana, nishushe, nimekwambia mniache, daktari alisema... Nishushe!

Haya. Haya basi. Kama ni mgongoni mwako, basi. Binti yangu, washike watoto mkono, tangulia. Msipite daraja dogo, piteni nyuma ya shule. Mlango uache wazi, hakuna cha kulinda.

Polepole hapo. Una mgongo mpana, sikujua.

Sikilizeni, pumzi inaniishia. Nikinyamaza njiani, msisimame. Ukihisi nimekuwa mzito ghafla, usiniteremshe kunitazama, utanitazama huko juu. Mnizike huko huko, baba yenu mdogo awachagulie mahali. Na mumsalimie. Mumsalimie vizuri, mshike ile mikono yake.

Mungu awape... awape masikio. Awape miguu myepesi, ninyi na wanenu. Nimewaridhia. Wote wawili, nimewaridhia... sina kinyongo na yeyote.

Usigeuke, mwanangu. Tembea.

Tembea tu.