Picha Iliyoandikwa "Imeharibika"

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, mimi ni mdogo wake marehemu, nimepewa karatasi hii niisome kwa niaba ya familia, mnivumilie sauti ikikatika.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa pili kati ya watano, akasoma shule ya msingi kuanzia 1961 hadi 1967, kisha sekondari, aliyoiacha 1970 baba alipofariki, na mwaka 1972 akaajiriwa studio kusafisha picha kwenye chumba cha giza. Mwaka 1981 alichukuliwa na halmashauri ya jiji kuwa mpiga picha wake, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kupiga picha za fataki za sherehe za jiji kutoka juu ya paa la ghala la nafaka, kamera ikiachwa wazi sekunde nane hadi kumi juu ya stendi yake, nasi tukikatazwa hata kukohoa, ndiyo maana tulimwita Subiri, kwani neno hilo halikuisha mdomoni mwake.

Tarehe 9 Juni 1979 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, wakajaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1983. Shemeji alipanda naye paani miaka yote, akienda huku na huku ukingoni, mbele ya kamera, kitambaa mkononi, kumwonyesha upepo unapeleka wapi moshi, na kwa kuwa kamera iliyoachwa wazi haimshiki mtu anayetembea, hakubaki kwenye picha hata moja. Mwaka 2010, akiwa tayari anaumwa bila kusema, alichoka akaketi, akatulia, picha ikatoka na umbo lake jeusi limeziba nusu ya fataki, na kaka, sitaficha eti kwa sababu amekufa, alimfokea mbele ya binti yao, akaandika nyuma ya picha kwa kalamu nyekundu "Imeharibika", akaitupa.

Shemeji alifariki tarehe 22 Agosti 2011, na kaka akaanza kupekua maboksi ya picha akimtafuta, boksi baada ya boksi, mke hayumo. Majuto ni mjukuu, na kwake huyo mjukuu alihamia kabisa.

Moyo wake ulianza kutanuka mwaka 2019, akalazwa mara nne, ya mwisho tarehe 11 Mei 2023. Binti yake ameniomba niseme kwamba picha ile aliiokota yeye kwenye pipa, akaificha miaka yote hii akingoja baba yake akiri kosa, na baba hakuwa mtu wa kukiri, hadi tarehe 16 Mei binti alipochoka kungoja akamwekea mkononi. Kaka aliitazama muda mrefu, akaigeuza, akasoma mwandiko wake mwenyewe, akaomba kalamu alikate lile neno, mkono ukaishiwa nguvu katikati, na tarehe 18, saa nne asubuhi, akafariki. Ndiyo hiyo iliyo juu ya jeneza, mkipita kuaga mtaiona.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliomshusha ngazi kwa zamu, wenzake wa halmashauri, na mlinzi wa ghala ambaye hakuwahi kumnyima ufunguo. Nenda, kaka, shemeji amekusubiri vya kutosha, pumzika kwa amani.