Lango la Rottmann

Sogeeni, wanangu, maana sauti niliyobaki nayo ni ya kusema hili mara moja tu, na sitaki mtu aje kuniambia kesho kwamba hakusikia vizuri. Roswitha, acha mto wangu, mto hauna kosa. Diethelm, mwambie mkeo aingie au atoke, asisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kudai. Miaka yote sijamkaribisha chumbani kwangu, lakini ninayoyasema leo yanamhusu baba yake, basi na ayasikie.

Msitu wa misonobari ni wako, Roswitha, na saa ya ukutani pia, na usinililie kwa ajili ya saa, hujawahi kuipenda. Nyumba hii, zizi, na shamba la chini mpaka kijitoni ni vyako, Diethelm, lakini hupati hata kigae kimoja cha paa mpaka unifanyie jambo moja. Usiulize jambo gani. Ulikuwa na papara hivyo hivyo tangu mdogo, ndiyo maana ukaoa ulikooa.

Babu yenu Konrad alikuwa fundi kule Kassel, kwenye kiwanda kilichounda vifaru vizito. Jumamosi jioni alirudi ananuka mafuta, anakaa mezani mbele ya viazi na kipande cha soseji, na kabla hajala anaanza kujisifu. "Ottilie," anamwambia mama yangu, "kimoja tu cha hivi, adui akikiona anaacha suruali njiani!" Anatuonyesha kwa kiganja unene wa chuma cha mbele, anatuambia mzinga wake unaua kutoka mbali kabla wale wengine hawajakiona. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kustaajabu, akamuuliza, "Na kikiharibika, nani atakibeba?" Baba akaweka uma chini. Kisha akasema ukweli, kwamba kila mkubwa aliyekuja kukagua aliongeza chuma, huyu huku na yule kule, mpaka uzito ukafika tani sabini, na injini ni ileile ya kifaru chepesi kuliko hicho, na gia za mwisho, zile zinazozungusha minyororo, zinakatika meno. "Ni kumpandisha kasisi Buchholz juu ya punda," akasema, na sisi tukacheka sana, maana mnajua hadithi za unene wa kasisi yule. Vuli ya mwisho ya vita ndege zikakipiga kiwanda na yeye akiwa ndani. Tukazika buti.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, Wamarekani wakiwa wamekaribia, kifaru kimoja kikaja kwenye barabara yetu. Kipya kabisa, moja kwa moja kutoka kiwandani kwa baba, hata rangi hakijapakwa, chekundu kama kutu. Kilipanda mteremko huu kikinguruma mpaka vyombo vikaanguka rafuni, na kilipofika pale juu, kwenye lango la Rottmann, kikajaribu kukata kona kwa nguvu. Tukasikia kitu kinavunjika ndani. Kikasimama hapo hapo, kimeziba lango lote.

Sasa sheria yao ilikuwa hii, na kila mtu aliijua: kifaru kisichoweza kuvutwa lazima kilipuliwe na wenyewe wanaokiendesha, kisiangukie mikononi mwa adui. Luteni wao, kijana mwenye midomo iliyopasuka kwa homa, akatoa baruti. Ndipo akatoka Volkmar Rottmann, baba yako wewe Gisela, karudi kutoka vitani na mguu mmoja mbovu, kashika paja zima la nguruwe na chupa ya pombe kali. "Luteni," akasema, "ukikilipua hapa unanimalizia nyumba. Kula kwanza. Sisi tutakuvutia mpaka chini kwenye machimbo ya mawe, ukilipulie huko." Luteni akatazama ile nyama. Hakuwa amekula, ilionekana. Akasema, "Haya, kivuteni."

Dereva wake alikuwa mtu mzima, na alikataa mbele ya watu wote. "Luteni, usiwasikilize hawa wakulima. Mnyororo wa kushoto haushiki tena. Kikianza kuteremka nitakuwa na breki upande mmoja tu, na kitajipinda nitake nisitake." Volkmar akacheka. "Kijipinde kiende kwa nani? Huko chini kuna wajane tu!" Na watu wakacheka, wanangu. Watu wale wale mnaowavulia kofia kanisani.

Wakakusanya wanyama wote wa kijiji. Farasi wa Rottmann mbele, wale wazuri, na nyuma yao ng'ombe wa kila nyumba, hadi Liese wetu aliyekuwa na mimba. Mimi nilimshika Liese kamba, msichana wa miaka kumi na tisa, nikimpigia kelele avute. Hakuna mnyama anayeweza kuvuta mlima, lakini pale ilikuwa mteremko, na kikishasogea kidogo kinajiendea chenyewe. Kikasogea. Tukakata kamba ya kifaru, tukakimbia kando na wanyama wakiwa bado wamefungwa pamoja. Dereva akakanyaga breki yake moja, kifaru kikageuka taratibu, na kikaenda kulala kwenye ukuta wa nyumba yetu, mzinga umeingia dirisha la jikoni. Sufuria ya supu ilikuwa bado mekoni.

Mama akatoka, akamshika luteni mkono. Hakuwa na paja la nguruwe. Alikuwa na viazi kwenye aproni, akampa vile viazi! Luteni akavipokea kwa adabu, akasema, "Mama, watoe watu wako ndani, navuta sigara hii moja, kisha nalipua." Bibi yangu alikuwa kitandani ghorofani, hajatembea tangu Krismasi, na mzito. Mama akapanda kumtoa. Mimi nikamkimbilia Volkmar, hatua chache tu kutoka pale, nikamwambia njoo, mbebe bibi, mama hawezi peke yake. Unajua alinijibu nini, Gisela? Alisema, "Ngoja kwanza nifungue farasi wangu." Na akawafungua, kamba moja baada ya nyingine, akiwasemesha kwa upole.

Luteni akamaliza sigara.

Sitaeleza nilichokiokota. Nyumba hii niliijenga upya kwa mawe yale yale, na kila Pasaka Volkmar aliniletea paja la nguruwe mlangoni, na kila Pasaka nilimpa mbwa, yeye mwenyewe akiangalia. Sikumsamehe, na sijuti. Mchungaji aliponiambia nisamehe nilimwambia akambebe bibi yangu kwanza.

Basi jambo lako ni hili, Diethelm. Siku ya kunizika utakuwa miongoni mwa wabebaji, mtapanda mteremko kuelekea kanisani, na mkifika kwenye lango la Rottmann mtaliweka jeneza langu chini, lizibe lango lote, na mtaniacha hapo. Mpaka Volkmar atoke na ule mguu wake, aniombe kwa mdomo wake nimpishe. Nataka aombe. Nataka kijiji kisikie, wale waliocheka na watoto wao.

Nini? Unamnong'oneza nini mumeo, Gisela? Sema kwa sauti, mwanamke, hii ni nyumba yangu.

Amekufa?

Lini? Alfajiri? Na mmekaa hapa mnaniacha niongee kama chizi, wote watatu mnajua! Usinishike mkono, Roswitha. Loo, Volkmar. Mwizi wewe. Hata hili umeniibia.

Nipe maji. Inatosha.

Anazikwa lini? Alhamisi. Na anatokea nyumbani kwake? Anatokea kwenye lango lile, maana nyuma ni mwamba, hakuna njia nyingine. Sikia basi, Diethelm, sogea, siwezi kupaza tena. Jambo ni lile lile. Mimi kwanza. Alhamisi asubuhi, kabla hawajamtoa, nilazeni pale langoni, na wao wakija na jeneza lake na maua yao, wakianza kupiga kelele kwamba mchungaji anasubiri, mtawaambia: ngojeni kwanza, mama anafungua farasi wake. Maneno hayo hayo. Msiongeze neno.

Lia tu, Gisela. Ni baba yako, una haki. Mungu awabariki wanangu, awape mvua kwa wakati na watoto wasio na papara. Na wewe pia akubariki, mkwe wangu, nyuma yao kidogo.

Hiyo supu iondoe, Roswitha. Hapana, hata kijiko kimoja. Na dawa za daktari zimwage. Leo ni nini... Jumatatu?

Nitawahi.