Mzazi Hula Kwanza

Mheshimiwa mgeni rasmi, Sheikh Khattab. Madaktari na wauguzi. Ndugu zetu kutoka Kenya. Na nyinyi mama wenzangu wa mtaa wetu huu wa Hamriya: Assalamu alaykum.

Mie si msemaji. Shule niliionea mlangoni. Lakini leo tunamuaga mwanangu Bakhita, muuguzi, anayerudi kesho kwenye kambi ya waliokimbia vita vya Darfur. Tiketi anayo, ruhusa ya kazini anayo. Radhi yangu ndiyo hajaipata, na bila ya hiyo amesema hapandi ndege.

Alipokwenda mara ya kwanza, sisi mama wa Hamriya tulifanya nini? Tulikusanya maziwa ya kopo, yakajaa nyumbani kwa jirani yetu Bi Shariffa mpaka wageni wakakosa pa kukaa. Bakhita akapiga simu.

"Mama, maziwa ya kopo yanataka maji safi, na huku maji ni tope. Watoto wataharisha watufie. Mlisheni mzazi, mtoto atanyonya."

Nikamwambia, "Wewe hujazaa hata paka, unanifunza ulezi?"

Akacheka. "Uliponizaa mie, bibi alimpa nani supu ya kuku, mie au wewe?"

Jamani, alisema kweli. Arubaini yangu nzima mama alikaa nami, uji wa pilipili manga asubuhi, supu mchana, na hakuna aliyethubutu kugusa bakuli langu. Tukarudisha makopo dukani, tukapeleka tende, adesi na njugu.

Lakini chakula kufika kambini ni jambo moja, na kumfikia mzazi ni jingine. Pauline, muuguzi mwenzake, yule pale, ndiye aliyenihadithia. Wanawake wale waliojifungua wakipewa chakula walikibeba kwa waume na watoto wakubwa, wao wakalalia maji matupu. Wakakatazwa, wapi. Basi Bakhita akawaita mavyaa zao, kila mmoja akamsimamia mke wa mwanawe mpaka amalize sahani.

"Mama, mimi nilimwambia atachapwa," Pauline kanambia. "Kumbe wale wamama wazee ni wakali kushinda askari."

Nyie mlioolewa, si mnajua? Mavyaa hadanganyiki. Wazazi wakapata nguvu, na maziwa yakarudi kifuani.

Nami nnaogopa. Habari za vita zikija kwenye televisheni nnazima, kisha nnawasha tena. Nani angenilaumu nikimzuia binti yangu? Lakini yule anayejifungua chini ya turubai, ambaye mama yake kauawa njiani, nani atakaa naye? Usiku kucha nimejiuliza, na kila nikijibu, jina linalonijia ni la huyu huyu wangu.

Bakhita, njoo mbele, mama. Mbele ya watu hawa nnakupa radhi yangu, ya dunia na ya akhera. Nenda. Na mambo yakiwa mabaya usinambie kwamba ni mazuri. Nimekuzaa, nitakujua kwa sauti.

Nnakushukuruni nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza. Sasa nipisheni, nimkumbatie mwanangu.